PSA 6.2: nikatwe kinyama?

SWALI: Nina miaka 58. Nilipima damu kwa ajili ya tezi dume, PSA ikaja 6.2. Wiki moja kabla nilikuwa nimetolewa mpira wa mkojo. Shemeji anasema nikatwe kinyama cha tezi kikapimwe upesi, mwanangu anasema siku hizi damu pekee inatosha. Nimfuate nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mzee wetu, wote wawili wana haraka. Kwanza damu yenyewe imetolewa wakati mbaya. PSA ni protini ya tezi dume, iwe nzima au inaumwa. Kazi yake ni kuyeyusha shahawa. Mpira wa mkojo huichubua tezi, nayo PSA humwagika kwenye damu. Subiri wiki 6 hadi 8, urudie maabara ileile, maana mashine tofauti hutoa namba tofauti. Siku 2 kabla, usikutane na mkeo wala usiendeshe baiskeli mwendo mrefu. Kama umemeza finasteride, dawa ya kupunguza tezi iliyovimba, miezi 6 au zaidi, sema: huishusha PSA karibu nusu, hivyo jibu huzidishwa kwa 2.

Ikibaki kati ya 4 na 10, wanaokutwa na saratani ni takriban mmoja kati ya wanne. Hapo omba PSA huru, yaani ile isiyoshikamana na protini nyingine kwenye damu. Ikiwa chini ya asilimia 10 ya PSA yote, shaka huzidi. Ikipita 25, hupungua. Ila PSA huru huharibika haraka. Chupa ikishinda mezani kwenye joto, asilimia hushuka, mtu akaogopeshwa bure. Damu izungushwe kwenye mashine na majimaji yake yatengwe ndani ya saa 3, yakae kwenye baridi. Kama hayapimwi siku hiyo, yagandishwe. Kabla ya kulipa, uliza sampuli inapimwa hapohapo au inasafirishwa.

Vipimo vya mwanao vipo kweli. PHI, iliyoidhinishwa Marekani 2012, hupima pia kipande cha PSA kiitwacho p2PSA. 4Kscore hutumia protini 4. Vinapunguza kukatwa vinyama bila sababu, lakini saratani huthibitishwa na kinyama chini ya hadubini.

Hesabu ya bei nafuu zaidi ni kugawanya PSA kwa ujazo wa tezi unaosomwa kwenye ultrasaundi. Kwa 6.2, tezi ya mililita 60 inatoa 0.10, ya mililita 30 inatoa 0.21, kuanzia 0.15 madaktari hushtuka. Na kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa usikikwepe: daktari akigusa gumu kama jiwe, kinyama hukatwa hata PSA ikiwa 2.