Saa 24 Ugenini: Kwa Wadogo Zangu wa Moshi na Arusha Mnaoingia Kazi ya Ndege

Wadogo zangu wa Moshi na Arusha wanaoniuliza kuhusu kazi ya uhudumu wa ndege huanza na mshahara, kisha haraka wanafika kwenye swali lililowaleta: "Dada, mkifika huko mnakaa siku ngapi? Mnatembea?"

Tunatembea. Ila zile wanazodhani ni siku, mara nyingi ni usiku mmoja na nusu ya mchana. Kazini tunaita leova, yaani muda wa kupumzika mji wa watu kati ya ndege uliyokuja nayo na ile utakayoondoka nayo. Umewekwa ili urudi kazini na akili timamu, maana ikitokea dharura wewe ndiye wa kufungua mlango na kuwatoa watu. Kutembea ni nyongeza. Naipenda nyongeza hiyo kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na ndiyo maana inaniuma nikiona wenzangu wanaipoteza kwa kutaka kuona kila kitu.

Hebu tupige hesabu. Umepewa saa 24. Toa saa moja na nusu ya uhamiaji na gari la kuwafikisha hotelini. Toa saa nane za kulala. Toa mbili za mwisho, za kuoga, kula, kupiga sare pasi na kufunga mzigo. Zimebaki kumi na mbili na nusu, na karibu nusu yake ni usiku, mji umelala. Kwa hiyo una kama saa sita za mji ulio macho. Ndani ya saa sita chagua kitu kimoja. Soko moja, au mtaa mmoja, au jumba moja la makumbusho. Mji utaurudia, rosta, yaani ratiba ya zamu, itakurudisha tu. Anayekimbilia vitu vitano anarudi na picha za vitano na hana cha kusimulia.

Kabla ya hicho kimoja, lala. Hili silisemi kwa kutimiza wajibu. Ndege ikiwa juu, hewa ya kabini inaweza kuwa nyepesi kama ya mlima wenye mita 2,400. Kwenye Boeing 787 ni kama mita 1,800. Kwetu Kilimanjaro twaweza kulipima jambo hili kwa miguu: ni sawa na kushinda unasukuma kigari cha chakula mahali fulani kati ya lango la Marangu na vibanda vya Mandara, tena kwenye hewa kavu kuliko ya kiangazi cha Same. Ukitua, mwili umechoka kuliko unavyojisikia. Kunywa maji kabla ya kuhisi kiu, funga mapazia, zima simu. Mjini utatoka ukishaamka.

Kuna na suala la saa za mwili. Mwili huhama polepole, kama saa moja kwa siku, na safari ya kwenda mashariki humsumbua mtu kuliko ya magharibi. Guangzhou iko saa tano mbele yetu. Kule ikiwa saa mbili asubuhi, mwili wako uko Moshi na ni saa tisa usiku. Kama unalala usiku mmoja tu, usihangaike kuuhamisha. Acha saa moja ya mkononi isome saa za nyumbani, lala kwa saa hizo, kula kwa saa hizo, na toka pale usiku wa nyumbani na mchana wa huko vinapokuruhusu. Wenye siku tatu ndio wenye sababu ya kujizoesha.

Mji ninaoupenda kuliko yote ni Addis Ababa, na nitakaa hapo kidogo. Uko juu, zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo siku ya kwanza panda ngazi taratibu, na kama unakunywa pombe ujue itakupanda haraka. (Kanuni inayojulikana zaidi ni saa nane bila pombe kabla ya kazi, na mashirika mengi yanataka 12. Fuata ya shirika lako, na ikibidi ongeza.) Wenzangu kutoka mataifa mengine huhangaika Addis kwa kitu ambacho sisi tumezaliwa nacho: Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko. Dereva akikuambia saa tatu, ni ile saa tatu yetu ya asubuhi. Mswahili anajisikia nyumbani papo hapo. Lakini gari la kuwarudisha uwanjani limepangwa kwa saa za ndege, kwa hiyo lolote linalohusu kazi liandike kwa mfumo wa saa 24, 09:00 au 21:00, umwonyeshe dereva kwenye karatasi. Mdomo usiuamini.

Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai. Siku hizo agiza chakula cha mfungo, utaletewa injera, mkate laini na mpana wa nafaka ya tefu, yenye shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde), dengu na mboga za rangi mbalimbali, na kwa bei ya kawaida kabisa. Nawa mikono, kula na wenzako sahani moja. Ukialikwa kahawa ya nyumbani, kaa. Buni hukaangwa mbele yako, hutwangwa, na kahawa humiminwa raundi tatu. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza si adabu. Sisi tuliokulia kwenye vihamba vya kahawa, tukaivuna na kuianika lakini tukanywa chai, tuna la kujifunza pale. Na ukipata saa mbili za mchana, nenda Makumbusho ya Taifa ukamwone Lucy, ambaye wenyewe humwita Dinknesh, mabaki ya jamaa wa kale wa binadamu, ya miaka milioni 3.2, yaliyopatikana Hadar mwaka 1974. Sisi wenye Olduvai, huyo ni jirani.

Dubai kila mtu anakuambia habari za maduka makubwa. Mimi nakuambia panda abra, boti ya mbao inayovusha watu kwenye mkono wa bahari kati ya Deira na Bur Dubai kwa dirhamu moja. Upande mmoja kuna soko la viungo na la dhahabu, upande wa pili mitaa ya zamani na vitambaa. Nenda jua likielekea kuzama, maana kuanzia Juni hadi Septemba mchana wake unapita nyuzi 40. Treni ya mjini ina behewa la wanawake na watoto, litumie, na usile wala kunywa chochote ndani, hata bablishi, kwani faini ni dirhamu 100.

Guangzhou inahitaji maandalizi. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China, kwa hiyo mjulishe mama kabla ya kuondoka asije akakesha. Watu hulipa kwa simu hata kwa muuza matunda. Unganisha kadi yako na Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani. Anwani ya hoteli iwe imeandikwa kwa Kichina, siyo kwa herufi zetu. Mtaa wa Xiaobei utasikia lugha nyingi za Kiafrika na utapata chakula kinachofanana na cha kwetu, ni faraja kweli, lakini kile kitu kimoja cha Guangzhou kwangu ni asubuhi ya chai na vitafunwa vidogo vya mvuke, meza moja na wazee wanaosoma magazeti.

Mumbai iko saa mbili na nusu mbele yetu, na nusu hiyo husahaulika. Treni zake zina mabehewa ya wanawake, lakini zipande mchana, usijaribu asubuhi wala jioni watu wakienda na kutoka kazini. Boti za kisiwa cha Elephanta hazifai Jumatatu, mapango hufungwa, na kwa vyovyote safari hiyo inakula nusu siku. Istanbul, vuka kwa kivuko cha abiria kutoka Eminönü hadi Kadıköy, unatoka Ulaya unafika Asia kwa dakika kama ishirini. Amsterdam treni inakutoa Schiphol hadi katikati ya mji kwa robo saa hivi. Angalia tu unapokanyaga, njia zenye rangi nyekundu ni za baiskeli na hawapunguzi mwendo.

Sasa la mizigo, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote.

Ukishajulikana mtaani kwamba unaruka, maagizo yanaanza. Mwingine simu kutoka Dubai, mwingine dawa kutoka Mumbai, mwingine abaya, mwingine vipuri vya pikipiki kutoka China. Hayo ya kununua bado yana nafuu, unaweza kukubali moja na kukataa mengine. Lakini ujue saa zako sita zinaishia kwenye foleni ya duka, na kiwango cha vitu ambavyo mhudumu anaruhusiwa kupitisha forodhani bila ushuru mara nyingi ni kidogo kuliko cha abiria. Ninayoyakataa bila mjadala ni ya kubeba kifurushi cha mtu. Yatakujia kwa upole sana, Jumapili baada ya misa, kutoka kwa mama anayekufahamu tangu utoto: "Mwanangu, ni kidogo tu, kuna kijana atakuja kukipokea hotelini."

Jibu langu ni lilelile kwa kila mtu, tena nalisema nikiwa nimeshamwamkia vizuri: "Mama naomba unisamehe, kazini kwetu hairuhusiwi, ningefukuzwa." Simwambii namshuku, kwa sababu mara nyingi hata yeye hajui kilichomo. Ametumwa na mtu aliyetumwa. Lakini ukikamatwa, aliyekamatwa ni wewe. China wanayo adhabu ya kifo kwa wanaoingiza dawa za kulevya. Hapa kwetu, biashara hiyo inaweza kukupeleka kifungo cha maisha. Hata dawa za kawaida za hospitali zinaweza kukuponza: zenye kodeini na tramadoli zinadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu, na unatakiwa kuwa na kibali na cheti cha daktari kwa jina lako mwenyewe. Begi lako lifunge wewe, lifungue wewe, na usimwachie mtu hata unapokwenda kujisaidia. Ukiona mwenzako anabeba vya watu, mwambie. Akikasirika leo, ni afadhali.

Kwa mabinti, mawili matatu ya haraka. Ukipokelewa hotelini namba ya chumba isitamkwe kwa sauti. Ikitamkwa, omba chumba kingine. Chukua kadi ya hoteli mfukoni. Mwachie mwenzako mmoja taarifa unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, hata kama hamjazoeana. Pasipoti iache kwenye kasha la chumbani pale sheria ya mji inaporuhusu, na utembee na nakala. Cheti cha homa ya manjano kikae ndani ya pasipoti muda wote, kwa sababu kikikosekana wanaweza kukuzuia mlangoni.

Halafu ipo siku rosta itakupa KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, uje nyumbani na wenzako wageni, na wote watakugeukia wewe. Watataka Kilimanjaro. Uwaambie ukweli kwamba mlima hawaupandi kwa leova, ila watauona, alfajiri au jioni, maana mchana wingu huufunika. Waamshe saa kumi na mbili kasoro, watakushukuru. Baada ya hapo fanya nao kitu kimoja tu. Wakilala Moshi, wapeleke Materuni, maporomoko na kahawa vipo njia moja na chakula cha mchana ni ndizi. Wenye miguu mizito wapeleke Soko la Mbuyuni asubuhi, wanunue parachichi, kisha mtori. Chemchemi ya Chemka nayo iko upande wa Boma Ng'ombe, si mbali sana na uwanja. Watu huita maji moto lakini ni ya uvuguvugu tu, safi mpaka unaona mizizi chini, na njia ina vumbi, kwa hiyo sare ibaki hotelini.

Wakilala Arusha, Makumbusho ya Azimio la Arusha ni madogo na yanatosha kwa saa moja, nawe utawaeleza habari za mwaka 1967 vizuri kuliko kibao chochote. Jumamosi ongeza soko la Tengeru. Ila ukipanga muda wa kurudi KIA kutoka Arusha, usiende kwa kilomita. Ni kama 50 tu, lakini barabara pana ya njia nne inaishia Tengeru, na kutoka hapo mpaka njia panda ya KIA lori moja mbele yenu linatosha kuwachelewesha. Ondokeni mapema kuliko dereva anavyowaambia.