Kipilefti, aproni na chumvi niliyowalisha wanafunzi wangu

Kidato cha pili nilikuwa na kauntabuku niliyoijaza maneno ya Kiingereza, kushoto neno, kulia maana. Nilikariri ishirini kila usiku. Ikifika Ijumaa nimebaki na matano. Siku hizi mimi ndiye mwalimu, nafundisha watu wazima tuisheni ya jioni, na ushauri wangu wa kwanza kwao ni huu: kabla hujalikariri neno, liulize kwao ni wapi.

Chukua aproni. Darasani nina mama lishe mmoja anayekuja moja kwa moja kutoka kibandani, aproni bado kiunoni, ina madoa ya mawese. Nilimwambia kwamba zamani Waingereza waliiita "napron", neno walilolitoa Ufaransa, lenye maana ya kitambaa kidogo cha meza. Mtu akisema "a napron" harakaharaka, msikilizaji hajui ile n ni ya nani. Wengi wakaipeleka upande wa pili, likawa "an apron", na n haikurudi tena kwao. Ndugu yake "napkin" alisalimika.

Darasa likawacheka Waingereza. Nikawauliza: na kipilefti je? Kibao kilisema "keep left", yaani pita kushoto. Sisi tukasikia ki, tukakitia kwenye ngeli ya ki-vi, leo mji una vipilefti kila kona. Mafundi baiskeli nao walisikia "mudguard" wakadhani ma ni ya wingi, basi kimoja kikawa digadi. Hata kitabu ni hivyo hivyo: kwa Waarabu ile ki ni sehemu ya neno lenyewe, na wingi wao ni kutub. Vitabu ni kazi ya mikono yetu. Tangu siku hiyo mama lishe hakosei tena "a" na "an", jambo lililokuwa linamtoa jasho.

Basi lina kisa kifupi zaidi. Ufaransa, miaka ya 1820, magari ya farasi ya abiria yaliitwa omnibus, Kilatini cha "kwa wote". London ikayapata mwaka 1829, na haikuchukua muda watu wakakata kichwa cha neno wakabaki na mkia, "bus". Mkia wenyewe hauna maana yoyote ukiwa peke yake. Ni kama sisi tungeukata "kwa wote" tukabaki tunapanda "kwa".

Ila utamu huu una hatari yake, nami umeniumbua. Niliwahi kuwaambia kwa kujiamini kwamba "salary", yaani mshahara, limetokana na askari wa Roma kulipwa chumvi. Kisa kizuri, nilikitoa kwenye ujumbe wa WhatsApp. Ni kweli neno la Kilatini salarium lina undugu na sal, chumvi. Lakini askari walilipwa sarafu, na malipo yao yaliitwa stipendium. Kwa hiyo kisa kikiwa kitamu kupita kiasi, fungua kamusi inayotaja mwaka neno lilipoandikwa mara ya kwanza, na maana yake ya wakati huo.

Wala usiigeuze asili kuwa maana ya leo. "Nice" limetoka kwenye Kilatini cha "asiyejua", na Waingereza wa karne ya 14 walilitumia kumwita mtu mjinga. Leo ukiambiwa "nice", yaani mtu mzuri, shukuru tu.

Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikaifuta chumvi yangu. Kijana mmoja, saidia fundi, akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, na mshahara wetu sisi umetoka wapi?" Sikujua. Usiku ule nikatafuta: Kiarabu, shahr, mwezi. Mshahara ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Nilipowaletea jibu, yule kijana akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Kumbe mwalimu sijawahi kupata mshahara hata siku moja. Mimi nalipwa jioni kwa jioni."