Maneno ya wodini: remisheni, hatua ya nne na mengineyo

Maswali ya vijana wanaotibiwa saratani na ya wanaowauguza.

Daktari kasema saratani ya damu ya mwanangu wa miaka 14 iko kwenye remisheni. Mbona dawa za kemo hazijasimama? (Mama)

Hongera, mama. Maana yake, kwenye uboho waliouvuta katika mfupa wa nyonga, chembe changa za saratani zimeshuka chini ya asilimia 5 na damu nzuri imeanza kutengenezwa. Lakini darubini haioni zote. Zilizobaki ndizo zinazosakwa, na ndiyo maana lukemia kali ya limfositi, aina mojawapo ya saratani ya damu, hutibiwa miaka 2 hadi 3, muda mwingi kwa vidonge vya nyumbani. Mtoto akishanenepa na nywele zikarudi, kishawishi cha kuacha dawa ni kikubwa. Msiache. Ugonjwa ukirudi huwa mkaidi zaidi.

Nimeambiwa neutrofili zangu ziko chini. Ndiyo nini? (Binti, 17)

Ni chembe nyeupe zinazopigana na bakteria. Karatasi ya majibu ikisoma chini ya 0.5, kinga yako iko taabani. Kipimajoto kikifika 38, hata saa nane za usiku, nenda hospitali. Usimeze panadoli ukasema tuone asubuhi: homa itashuka, maambukizi yataendelea kusambaa kwenye damu.

Mdogo wangu ana limfoma ya Hodgkin (saratani ya mitoki) hatua ya nne. Mjomba anataka arudishwe kijijini. (Kaka mtu)

Mjomba asubiri kwanza! Hatua ya nne hapa ni kwamba ugonjwa umetoka kwenye mitoki ukafika, mathalani, kwenye ini au uboho. Katika limfoma hii vijana wengi bado hupona hata wakianza matibabu hatua hiyo. Usiilinganishe na hatua ya nne ya saratani ya jirani.

Wiki ijayo naanza kemo, na nimeandikiwa huduma shufaa. Wameshanikatia tamaa? (Kijana, 19)

Hapana. Wahudumu wa shufaa watatuliza maumivu, kichefuchefu na mawazo, sambamba na kemo. Hata mofini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, si tiketi ya kaburini.

Hukuuliza hili, ila nakuambia: baadhi ya dawa huharibu uwezo wa kuzaa. Kabla ya chupa ya kwanza kutundikwa, muulize daktari kama mbegu zako zinaweza kuhifadhiwa. Ukiona haya mbele ya mama, mwombe atoke nje kidogo.