Ndoo ya sarafu za zamani

SWALI: Jirani anauza kwa mkupuo sarafu 600 za kikoloni, nyingi shilingi za Afrika Mashariki. Ninunue?

JIBU: Usikadirie kwa idadi. Zipange kwa mwaka: shilingi za 1921–1925 na 1937–1946 zina madini ya fedha asilimia 25, za 1948–1952 ni shaba na nikeli tu. Shilingi ya fedha ina gramu 7.78, hivyo vipande 100 vinabeba takriban gramu 194 za fedha safi. Anzia bei hapo. Rupia ya Kijerumani (sarafu ya fedha ya enzi za ukoloni wa Wajerumani) isiyokaribia gramu 11.66, au inayonaswa na sumaku, iache. Zilizosuguliwa kwa majivu zimepoteza mvuto kwa wakusanyaji. Nawe tafadhali usizioshe! Sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, iliyotengenezwa na Wajerumani mjini humo, ipimwe kwanza na sonara, maana bandia ni nyingi mno.