Mteja wa kudumu wa kuoshewa gari nyumbani: usimpe punguzo, mtafutie bei yake

Ndugu yangu wa Jinja, swali lako nililisoma jana usiku macho yakiwa yanafunga. Leo mvua imenikalisha nyumbani tangu asubuhi, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa kirefu. Umesema una wateja 9 unaowafuata majumbani kuwaoshea magari, wote unawatoza shilingi 30,000 za Uganda, na sasa wawili wamekuja na maneno ya "sisi ni wateja wako wa siku zote, tupunguzie". Mmoja ana Premio na anataka uende kila wiki. Mwingine ana Noah, huyo anakupigia simu anapojisikia. Unauliza uwapunguzie kiasi gani.

Mimi sina neno "punguzo" kwenye kazi yangu tena, na nitakwambia lilivyonitoka.

Nilipoanza mwaka 2021 huku upande wa Kira, jirani na Kampala, nilikuwa na bei mbili tu kichwani: 50,000 kwa mgeni, 20,000 kwa mteja. Mtu akishaoshewa mara ya kwanza amekuwa mteja, ameingia peponi, habari ya 50,000 imekwisha. Nilijiona mjanja. Watu walinisifia, namba yangu ikawa inapita kutoka simu hadi simu.

Mwezi wa kumi na moja akanipigia mzee mmoja mwenye Prado. Nilikuwa nimemwoshea mara mbili, halafu akapotea wiki saba. "Kijana wangu, njoo, gari limechafuka kidogo." Kidogo! Alikuwa ametoka Masaka, na Masaka ya mwezi wa kumi na moja unaijua ni ya senene, wale panzi wa kuliwa. Alinunua kiroba, kikafunguka kwenye buti njiani, na lile gari likakaa siku mbili juani. Nilipoinua zulia nilikuta miguu na mabawa yamejipanga kwenye reli za viti kana kwamba kuna mtu aliyapanga kwa mkono. Harufu sitaieleza, huenda uko mezani. Kwenye kiti cha nyuma walikuwa wameweka mkungu wa matooke, na utomvu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Wewe mwenyewe unajua utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye kitambaa ni ndoa, hautoki. Nje sasa, matope ya kwenye matao ya magurudumu yalikuwa tofali. Mimi na kijana wangu tulianza saa tatu, tukanyoosha mgongo saa sita na nusu.

Mzee akatoka, akazunguka gari, akafurahi sana, akatuletea soda mbili na 20,000. "Bei yetu ile ile, si ndiyo?" Ningesema nini? Bei ni mimi niliyempa. Na mtaa wa Naalya kulikuwa na wateja wawili wananisubiri, mmoja wao hajanipigia mpaka leo.

Soda niliinywa barabarani nikiwa nimekasirika, lakini si kwa mzee. Alikuwa na haki yake. Mimi ndiye niliyekuwa nauza urafiki kwa bei ya kuosha gari, na gari halijui kama mwenyewe ni rafiki yako. Kinachofanya kazi iwe nyepesi ni siku zilizopita tangu ulioshe mara ya mwisho. Basi.

Wiki iliyofuata nikaanza kupima. Simu mfukoni, nikifika getini nabonyeza saa, nikifunga mpira wa maji nabonyeza tena. Mwezi mzima. Gari la ukubwa wa kati, Harrier tuseme, ambalo sijawahi kuligusa: saa mbili na nusu, ndani na nje. Gari hilo hilo kila baada ya wiki mbili: dakika 55. Kila wiki: 45. Likikaa mwezi: 85. Sababu unaiona kwa macho. Vumbi letu la murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, likipata umande wa usiku linashika rangi kama unga wa ugali kwenye sufuria, na kila siku linaongeza tabaka. Rimu nazo, vumbi la breki likikaa wiki nyingi linajichoma kabisa kwenye chuma. Gari unaloliosha mara kwa mara lina nta yako ya juzi, matope yanateleza, unapuliza maji nusu ya kazi imekwisha. (Kama bado unatumia sabuni ya unga ya kufulia kwa sababu ni rahisi, acha. Inakula nta yote, wiki ijayo unasugua upya. Hiyo ndiyo sabuni ya gharama kuliko zote.)

Halafu nikakaa na daftari. Siku moja ya kazi inanigharimu hivi: kijana 25,000, petroli ya tukutuku na jenereta 22,000, shampuu na nta na vitambaa 8,000, maji 3,000, na 7,000 naweka kando kwa sababu mashine ya presha siku ya kufa haitoi taarifa. Jumla 65,000. Mimi mwenyewe nataka 55,000, nina watoto. Inakuwa 120,000. Saa ambazo kweli mikono yangu iko kwenye gari ni sita kwa siku. Usijidanganye na kumi, toa njia, toa kusubiri askari wa geti atafute ufunguo, toa chakula. 120,000 gawa kwa sita, ni 20,000 kwa saa.

Sasa kila gari niliongezea dakika 15 za kushusha vitu, kuvuta mpira na kupanga tena, kisha nikazidisha. Mgeni: dakika 165, ni 55,000. Wa mwezi: 100, ni kama 33,000, nikaiita 35,000. Wa wiki mbili: 70, ni 23,000 na kitu, nikaiita 25,000. Wa kila wiki: saa moja kamili, 20,000. Gari dogo kama Premio toa 5,000 kwenye kila moja, Noah au Prado ongeza 5,000. Hizo ndizo bei zangu za Kira, wewe piga za kwako, Jinja maisha yako tofauti kidogo na kijana wako huenda unamlipa vingine. Muhimu ni uone kwamba wa kila wiki analipa 20,000 na mgeni 55,000, na wote wawili wananilipa sawasawa kwa saa. Hakuna niliyemhurumia. Ndiyo maana mtu akiniambia "ssebo (yaani bwana), nipunguzie" sikasiriki wala sijitetei, namwuliza tu nije kila baada ya siku ngapi.

Bei ikishafungwa na siku, lazima tarehe iwe na meno. Mtu wa wiki mbili nampa mpaka siku ya 20. Ikipita hapo, safari hiyo analipa bei ya mtu wa mara moja kwa mwezi. Zikipita wiki sita, naliangalia gari kwanza ndipo nitaje bei, na naliangalia hata chini ya zulia, unajua kwa nini. Haya namwandikia WhatsApp siku ya kwanza kabisa, mistari mitatu, na namwomba anijibu "sawa". Ile "sawa" imeniokoa mara nyingi. Hakuna mtu amegombana nami juu ya kitu alichokubali mwenyewe. Wanagombana juu ya kile ulichokinyamazia.

Kuna la njia. Watu wanaliona dogo, kwangu mimi limebeba nusu ya faida. Nilikuwa na mteja Munyonyo, analipa 40,000 bila kelele, mtu mzuri. Kutoka Kira mpaka kule na tukutuku, na foleni unayoijua, nilikuwa namaliza saa mbili kwenda na kurudi. Ukizitoa, yule bwana alikuwa ananilipa chini ya mama wa Naalya anayetoa 20,000 na majirani zake wawili wanatoa 20,000, ukuta kwa ukuta. Nilimwachia bwana wa Munyonyo namba ya kijana mwingine wa upande ule. Sasa Jumatatu ni Kyaliwajjala na Naalya, Jumanne Najjera, na kuendelea, na mtu akitaka nimfuate nje ya siku ya mtaa wake anaongeza 10,000. Wengi wakisikia hivyo wanagundua kumbe Jumanne wako huru. Na kama nyumba moja ina magari mawili, la pili bei yake inashuka 5,000, kwa sababu kweli zile dakika 15 sizirudii. Hiyo nayo si zawadi.

Ijumaa nayo ina soko lake. Jumamosi kuna kwanjula (sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni), kuna harusi, kila mtu anataka gari ling'ae. Zamani wateja wangu wa kila wiki wote walijazana Ijumaa kwa 20,000, na watu wa kwanjula waliokuwa tayari kutoa 60,000 nawakataa kwa simu. Nikaweka Ijumaa na Jumamosi asubuhi ni 5,000 zaidi kwa yeyote, wa kudumu au mgeni. Nusu walihamia katikati ya wiki wenyewe.

Mvua. Msimu wa Machi mpaka Mei niliwahi kutangaza kwamba mvua ikinyesha ndani ya siku mbili narudi bure. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Aprili nzima nilifanya kazi ya kuosha matope ya watu bila malipo. Siku hizi mvua ikinyesha kabla sijafika tunasogeza siku, ikinyesha baada ya mimi kuondoka ni mambo ya Mungu. Ila kama niko mtaani humo na nina maji yamebaki kwenye tanki, napuliza nje dakika tano, sisemi kitu. Wanalikumbuka hilo kuliko punguzo lolote.

Malipo: wa kila wiki na wa wiki mbili wanalipa mwezi mzima mbele. Mwanzo niliogopa kuomba, nikaona watu watanikimbia. Waliokataa ni wawili, na hao ndio waliokuwa wananisumbua kulipa tangu zamani. Wengi wanatuma kwa simu, sasa kumbuka ukienda kutoa pesa kuna ada ya kutoa na kodi ya serikali ya asilimia 0.5 juu yake. Usianze kumwambia mtu mzima "tuma na ya kutolea" kwa ajili ya gari, inaonekana vibaya. Iweke ndani ya bei tangu mwanzo. Mimi pia najitahidi kununua petroli na shampuu kwa simu hiyo hiyo, pesa isipite mikononi mwa wakala bila sababu.

Na usije ukapandisha bei Februari. Mimi nilifanya hivyo 2023, ada za shule ndiyo zinalipwa, nikapoteza wanne ndani ya wiki moja, wala si kwa hasira, walikuwa hawana tu. Sasa nikipandisha natangaza Machi ili ianze Aprili, watoto wako shuleni, watu wamepumua. Na napandisha kidogo kila mwaka kuliko kukaa miaka mitatu halafu nije na bei ya kumshtua mtu.

Watakwambia pia vijana wa barabarani wanaosha kwa 10,000. Ni kweli, wanaosha, na wengine wanaosha vizuri. Usiwaseme vibaya. Mwambie tu ni sawa, akipata nafasi ya kukaa pale kwenye benchi Jumamosi asubuhi aende. Aliyekuita nyumbani anajua anachonunua.

Turudi kwa watu wako wawili. Hiyo 30,000 ya wote inamwonea mwenye Premio na inamhurumia mwenye Noah, ndiyo maana umechanganyikiwa. Wa Premio pima muda wake safari mbili zijazo. Ukikuta ni kama kwangu, 15,000 kwa wiki inakutosha kabisa, alipe mwezi mbele, yaani 60,000, na mpangie siku ambayo tayari uko mtaani kwake, isiwe Ijumaa. Hivi sasa anakulipa 30,000 lakini atachoka na kuondoka. Kwa 15,000 utakuwa naye mpaka auze gari.

Wa Noah si mteja wa kudumu, ni mgeni anayejua namba yako. Mpe bei zako zote nne, achague mwenyewe siku. Akisema hataki kufungwa na tarehe, analipa kadiri ya gari utakavyolikuta, na kabla hujataja chochote mwulize juma hili amebeba nini humo ndani. Akisita kujibu, nenda na glavu.