Jibu: Mtoto mwenye malengelenge anayeshtuka usingizini

Umeuliza kama mtoto wa miaka 2 mwenye ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, anayeshtuka-shtuka usingizini, anaweza kurudi nyumbani. Hapana, alazwe leo. Virusi vya EV-A71, mojawapo ya virusi vinavyosababisha ugonjwa huu, vinaweza kushambulia shina la ubongo, na kushtuka huko ni dalili ya hilo. Jasho baridi, kuyumba, au moyo kwenda mbio hata homa ikishuka ni dalili mbaya zaidi. Kwa PCR (kipimo cha maabara cha kutafuta vinasaba vya kirusi), chukua sampuli ya koo na ya kinyesi. Maji ya uti wa mgongo mara nyingi hayaonyeshi kirusi ingawa ubongo umeathirika, kwa hiyo yasikutulize. Dripu usiimimine tu: moyo ukishaelemewa, maji ya ziada huishia mapafuni. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila saa 6. Aspirini asipewe kabisa. Akianza kuhema, apelekwe ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) mara moja.