Madoa kwenye anga la rangi za maji: angalia doa kwanza, usikimbilie kununua rangi

Mwenzetu anauliza: anachora fukwe na majahazi kwa rangi za maji, anaishi pwani, na karibu kila anga analopaka linatoka madoa. Kashabadilisha rangi mara mbili bila nafuu. Rangi haina kosa. Kosa liko kwenye maji au kwenye karatasi, na doa lenyewe litakuambia ni lipi.

Doa likiwa kubwa, limepauka katikati, na ukingo wake una meno-meno kama koliflawa, basi ulirudi na brashi yenye maji mengi mahali palipokwisha kuanza kukauka. Maji mapya yanazisukuma chembe za rangi mpaka ukingoni, zinaganda hapo. Yakiwa madogo mengi, meusi kuliko pembeni yake, yametapakaa kama vipele, hiyo ni karatasi iliyoharibika. Karatasi nzuri hutiwa gundi kiwandani, mara nyingi jelatini, ili rangi ikae juu isinywewe. Joto la unyevunyevu na ukungu huila gundi hiyo kimyakimya, hata pakiti ikiwa haijafunguliwa. Dondosha tone la maji safi pembeni mwa karatasi: likibaki limevimba dakika nzima, karatasi ni nzima. Likinywewa hapo hapo, ifanye ya penseli. Mpya itunze kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, mbali na ukuta wa nje.

Sasa anga lenyewe. Karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, saizi ya sentimita 28 kwa 38, iloweke dakika tano hivi, itandaze juu ya ubao, bana kingo zote nne kwa utepe wa karatasi wa gundi ya kulowesha, iache ikauke kabisa. Usipoibana itajikunja, na kila bonde litakusanya rangi. Changanya rangi ya kutosha kabla hujagusa karatasi: vijiko viwili vya mezani kwa saizi hiyo. Itabaki, na heri ibaki, maana ukiishiwa katikati ukaanza kuchanganya upya, huku nyuma pameshakauka. Ifanye nzito kuliko unavyotaka, kwa sababu rangi za maji hupauka zikikauka. Inua ubao upande wa juu kwa kuweka kitu cha unene wa vidole vitatu. Brashi pana ya sentimita 4 au 5, mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia. Chini yake utaona maji yamening'inia kama ukingo wa shanga. Mstari wa pili uguse shanga hiyo tu. Endelea mpaka mwisho, kisha kamua brashi na ufyonze maji yaliyobaki chini. Halafu acha. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona kasoro ndogo, wanairudia.

Ukitaka mawingu laini, isome karatasi kwa kuitazama kwa ubavu. Iking'aa kama kioo, rangi itakimbia ovyo. Mng'ao ukififia ukawa kama ganda la yai, huo ndio wakati wa wingu, tena kwa brashi yenye rangi nzito na maji machache kuliko yaliyoko kwenye karatasi. Ikishapoteza mng'ao lakini bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa mkono, usithubutu. Msimu wa masika hatua hiyo ya tatu huchukua muda mrefu sana, na macho yanadanganya, mkono haudanganyi.

Beba maji ya kunywa au ya mvua, makopo mawili: la kuoshea na la kuchanganyia. Maji ya kisima cha chumvi yanaacha vinyota kwenye rangi, na chumvi inaendelea kuvuta unyevu hata picha ikiwa ukutani.

Nyeupe ya tanga na ya povu ni karatasi yenyewe. Amua itabaki wapi kabla ya mpako wa kwanza, kwani kuirudisha baadaye ni shida. Mstari wa maji na vivuli pia viweke mapema na usivibadilishe tena: siku za bamvua bahari inaweza kupanda au kushuka karibu mita 4 kwa saa sita hivi, ukiifuata utachora fukwe mbili kwenye picha moja.

Kwa wekundu wa machweo, epuka rangi nyekundu ya zamani iitwayo alizarini (kwenye tyubu huandikwa PR83), inafifia. Chukua nyekundu ya kwinakridoni, PV19. Mwaka 1888 wanasayansi Russell na Abney waliiandikia serikali ya Uingereza ripoti kuhusu mwanga na rangi za maji, wakaonyesha kwamba unyevu wa hewa huchangia sana rangi kufifia. Kwetu huku unyevu ndio hewa yenyewe. Picha ikikamilika, iweke fremu yenye kadi isiyo na asidi inayoitenga na kioo, ziba mgongo wa fremu kwa utepe, na usiitundike ukuta unaotazamana na dirisha.